Ndiyo ya Chapuchapu

Saa ya laptopu ilikuwa imetangulia tu, na mwanzoni hakuna aliyeona kuna la kuzungumza. Mwenye laptopu alikuwa amelala ubavu, mito miwili mgongoni, mashine ameiegemeza kwenye tumbo lake la miezi saba. Kengele ya dawa ililia. Akanyoosha mkono kuchukua kidonge, halafu akasita, kwa sababu jua la dirishani lilikuwa bado la asubuhi, na kidonge kile kilikuwa cha jioni.

"Baba," alimwita mumewe. "Hii saa yako inakimbia."

"Yangu tena? Si laptopu yako hiyo?" sauti ikajibu kutoka chumba cha mbele. "Nakuja sasa hivi."

Na alikuja kweli sasa hivi, maana mtu huyu hakuwa na namna nyingine ya kuja. Alikuwa fundi wa kompyuta, karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na mtaa mzima ulishasahau jina lake, unamwita Chapuchapu. Alikuwa anakula amesimama. Alipanda vidaraja viwili kwa hatua moja hata kama mlangoni pake vilikuwa vitatu tu. Akikusalimia, utakuta ameshajiitikia mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Wateja walimpenda kwa hilo. Na yale maswali ambayo kompyuta humwuliza mtu anapoiwekea programu, kama ana uhakika, kama amesoma masharti, kama iendelee, yeye aliyajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, macho yakiwa kwenye mashine ya pili. Tusimseme sana, mafundi wote hufanya hivyo. Ungesoma kila kitu ungefunga duka.

Akairudisha saa sawa kwa kuichukulia wakati kutoka mtandaoni, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akaondoka.

Nyumba ile ilikuwa na sababu ya kuogopa kitu kinachowahi. Mara mbili mwanamke huyu alijifungua kabla ya wakati, na mara zote mbili walirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Safari hii daktari alimwambia alale, asiinuke ila kwa haja, anywe dawa za kutuliza mji wa mimba kwa saa zake, na kila wiki atakayoongeza mtoto tumboni ni uhai anamwongezea. Lakini kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya shule, na kulala miezi bila kazi kungemtia wazimu. Ndipo mumewe akamletea laptopu kutoka kwenye mnada, iliyouzwa pamoja na viti na makabati ya ofisi iliyofungwa. Spika yake ilikuwa imepasuka, akaing'oa, akasema nyingine ataweka wiki ijayo. Akaiwekea Linux, programu kuu ya kuiendesha, akaipangusa, akaisifu. "Hii haipati virusi," alisema. "Hii hata jini haliingii."

Mama mkwe alicheka siku hiyo. Alikuwa mkunga mstaafu, amekuja kumuuguza bintiye, na alimpenda mkwe wake ingawa alimchosha kumtazama.

Kabla ya jioni saa ilikuwa imetangulia tena. Chapuchapu akaipeleka mezani kwake, akafungua kifuniko cha chini, akabadilisha ile betri ndogo ya duara inayotunza saa mashine ikizimwa. Akaiacha pale inawaka mpaka kesho yake. Haikukosea hata kidogo. Akairudisha kitandani, na kabla mkewe hajamaliza kupanga sura moja ya kitabu, ilikuwa imeshaanza mbio zake, mbio za zaidi ya mara mbili.

"Ikiwa kwako nzima, ikiwa kwangu mgonjwa," mkewe alisema. "Kama mtoto anayedeka kwa bibi."

"Godoro linaziba hewa, inapata joto. Usiiweke kitandani."

"Niweke wapi, kichwani?"

Mama mkwe alihamishia kengele ya dawa kwenye simu yake, na kwa siku chache jambo lile likawa mzaha wa nyumbani. Wakisikia mtu amechelewa, walisema angeishi chumbani mle. Mzaha ulikatika siku mama mkwe alipoingia na sinia la chakula akasimama mlangoni.

"Nani kafukiza udi humu?"

Hakuna aliyefukiza. Lakini harufu ilikuwapo, nzito na ya zamani, kama nguo iliyokaa kashani miaka mingi ndipo ikafunuliwa. Haikutoka dirishani wala kabatini. Mama mkwe aliinama, akanusa kibodi ya laptopu, akajifanya anatengeneza shuka.

"Mama, kuna kitu?"

"Hakuna, mwanangu. Kula."

Siku ileile alimvuta mkwewe hadi jikoni na kufunga mlango. "Tumbo la mwenzio limeshuka," alisema kwa kunong'ona. "Unajua maana yake? Wiki iliyopita lilikuwa hapa. Leo liko hapa. Mtoto anateremka kama wa miezi tisa. Na kucha za mwenzio nimezikata juzi, nenda kaone zilivyorefuka."

"Labda hesabu ya miezi tulikosea."

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu. Sikosei hesabu ya miezi."

Chapuchapu alirudi chumbani akaketi kando ya kitanda, jambo lililokuwa geni kwake, kuketi. Mkewe alikuwa amesinzia, mashine imeegemea tumbo, skrini inawaka. Aliogopa, na alijua anaogopa. Na akiwa amekaa hivyo akaona kivuli cha pazia kikiondoka kwenye mguu wa kitanda, kikitambaa juu ya shuka bila kupumzika, polepole lakini si polepole ya jua, kikapita magoti ya mkewe, kikapita mkono wake uliolala wazi, kikaufikia ukuta na kuanza kuupanda, na mwanga wa chumba ukazidi kuwa wa machungwa na kisha wa kijivu mpaka hakuweza kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa, akasema moyoni kumekuchwa, akainuka kufungua dirisha avute mapazia, na nje lilikuwa jua la mchana mweupe, watu wanapita, mwenye duka la ng'ambo anamwagia maji vumbi. Akatazama nyuma. Chumbani ilikuwa magharibi. Mwanzoni saa peke yake ndiyo iliyokimbia. Sasa chumba nacho kilikuwa kinaifuata.

Hapo ndipo alipoisikia. Tik, tik, tik, laini na ya haraka, ndani ya laptopu. Mashine ile haikuwa na mishale ya saa, na spika aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa bado kwenye droo ya karakana.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo na kile chombo chako."

Mama mkwe alikuja na kitu chake cha zamani cha mbao, kama tarumbeta ndogo, ambacho wakunga hukiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Alipiga magoti, akaweka upande mmoja tumboni na sikio upande wa pili. Akafumba macho. Kisha akafumbua, akaitazama laptopu, akafumba tena. Chapuchapu alimwona anatikisa kidole, na kidole kilikwenda sawasawa na ile tik, tik, tik.

"Weka sikio wewe," alimwambia.

Aliweka. Moyo wa mwanawe ulikuwa mbio, kama mioyo ya watoto wote tumboni, zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Na sikio lake la pili, lililokuwa wazi, lilisikia kitu kilekile kutoka kwenye mashine. Mapigo hayakupishana hata moja.

Kompyuta haijui wakati kama binadamu anavyoujua. Huhesabu mapigo ya kipande fulani kilichomo ndani yake, na mapigo yakitimia inasema sekunde imepita. Linux humwachia fundi achague kipande cha kuhesabia, nao mafundi hukiita chanzo cha saa. Kila mashine ina vyanzo viwili au vitatu, vyenye majina ya herufi zisizosomeka. Chapuchapu aliichukua mashine mapajani, akaiamuru imwonyeshe vyanzo vyake. Vilitokea vitatu alivyovijua. Chini yake kilitokea cha nne, kwa Kiswahili safi, ndani ya mashine aliyoiweka yote kwa Kiingereza: moyo.

Akachagua cha kwanza. Mashine ikakubali, na kabla hajaondoa kidole ikarudi kwenye moyo. Akachagua cha pili. Ikarudi. Akaizima kabisa, akang'oa betri kubwa, akaishika mikononi ikiwa imekufa na baridi. Tik, tik, tik. Akaikimbiza hadi karakana. Huko nyuma ilikuwa ikitulia mezani, sasa haikutulia. Ilikuwa imeshamjua mtoto, haikuhitaji tena kumwegemea.

Kisha akakumbuka. Siku ile anaiwekea Linux, katikati ya maswali, lilipita swali moja ambalo jicho lililiona lakini akili haikulisoma kwa sababu alikuwa anabishana na mteja kuhusu chaja. Lilikuwa la Kiswahili. *Chanzo cha saa hakiaminiki. Nitafute kingine?* Naye alijibu kama kawaida yake.

Mama mkwe hakumlaumu. Alivaa viatu akaenda kumtafuta mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mpaka rangi wa magari, mfupi, rangi ya bluu imemganda kwenye kucha, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa mpole wa kumchosha mtu mwenye haraka. Alinawa mikono, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. "Mimi naitwa mganga na watu," alisema. "Mwenyewe nasema napaka rangi. Haya mengine nilirithi kwa mama yangu, na sikuomba."

Wakati huo mkewe Chapuchapu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, midomo imekauka. Uchungu ulikuwa umeanza, mdogo mdogo, wa kuja na kuondoka.

"Usinifiche," alimwambia mumewe. "Ni kama zile mara mbili?"

"Si kama zile. Nipo hapa."

"Ulikuwapo na zile."

Mpaka rangi aliweka laptopu sakafuni, akatia udi kwenye chetezo, akasoma dua kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtoka. Kisha akamgeukia fundi. "Nisikilize vizuri. Huyu tukimtoa bila kumpa kitu ataondoka na anachokihesabu. Lazima abadilishiwe. Atauliza, na atakayejibu ni wewe, maana wewe ndiye uliyemjibu mwanzo. Lakini hajibiwi kabla sijaweka mpaka. Mpaka ndio dawa yenyewe. Mpaka mwaka fulani, mpaka jambo fulani litokee, ndipo aondoke. Mimi nitataja mpaka, yeye ataukubali, halafu ndipo wewe ufungue mdomo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sema tena nilichosema."

"Nisijibu kabla ya mpaka. Tuendelee, baba, mke wangu anaumia."

Mpaka rangi akaisemesha mashine. "Wewe uliyemo humu, uliingiaje?"

Sauti ilitoka mahali ambapo spika ilikuwa zamani. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililowatisha. Ilikuwa kama ya mtu anayeongea huku amegeukia ukuta.

"Sikuingia. Niliuliza, nikaambiwa ndiyo."

"Unataka nini?"

"Kuhesabu."

"Huyo ni mtoto, hajaiona hata dunia. Mwachie."

"Nipeni moyo mwingine. Mimi sina haraka."

Mkewe alipiga ukelele mfupi akaubana kwa meno, na mama mkwe, aliyekuwa ameinamia tumbo na chombo chake cha mbao, akainua uso uliobadilika rangi. "Unalegea," alinong'ona. "Moyo wa mtoto unalegea."

Mpaka rangi aliinua mkono kumtuliza kila mtu, akafungua mdomo ataje mpaka, na sauti ile ikawahi kuuliza, taratibu, kwa adabu, kama swali linalopita kwenye skrini, "Nihesabu wa baba?"

"Ndiyo," Chapuchapu alisema.

Mkono wa mpaka rangi ulibaki hewani. Harufu ya kashani ikaondoka chumbani, dirisha likawa la alasiri ya kawaida, na mwanamke kitandani akashusha pumzi ndefu, uchungu umekatika. Mama mkwe alisikiliza tumbo, akaanza kulia. "Uko sawa," alisema. "Mtoto yuko sawa kabisa."

Laptopu sakafuni iliendelea na tik yake. Sasa ilikuwa nzito zaidi, ya mtu mzima aliyeogopa.

Mpaka rangi alikusanya vitu vyake bila hasira. "Sikumwekea mpaka," alimwambia fundi mlangoni. "Na nikirudi kumwekea sasa, hatanisikiliza. Usiivunje hiyo mashine, usiitupe, maana ataendelea kukuhesabu na hamtajua amefika wapi. Atahesabu mpaka moyo wenyewe uishe. Saa ikiwa inakosea, wewe mzima. Siku ikiwa sahihi..." Akaomba maji mengine.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, msichana, mapafu ya kupigia kelele mtaa mzima. Laptopu ilikaa kwenye rafu ya karakana, imefunguliwa muda wote, na mwanamke akawa na desturi ambayo jirani angeiona ya kichaa. Kila asubuhi aliitazama, akailinganisha na simu yake, akiona imekosea alisema, "Asante Mungu." Ilitangulia mchana na kulegea usiku mumewe alipolala. Alijifunza kumsoma humo. Akimwona anaongea na mteja kwa tabasamu huku saa inakimbia, alijua amekasirika. Siku moja alimpigia simu mjini. "Umekutana na nini? Saa imeruka." Alikuwa amekoswa na pikipiki.

"Wanawake wengine hupekua simu za waume zao," Chapuchapu alimtania. "Wewe unapekua moyo."

Hakupunguza haraka yake hata kidogo. Mahali pekee alipotulia ni kitini, jioni, mwanawe amemlaza kifuani. Mtoto hakulala kwingine. Aliweka sikio upande wa kushoto wa baba yake, akasikiliza kidogo, macho yakafumba.

Mtoto alikuwa ameanza kutambaa siku Chapuchapu alipokwenda mnadani tena, kununua mashine za shule fulani. Mkewe alikaa karakana kumshikia duka. Baada ya chakula cha mchana aliinua macho kwenye rafu kama kawaida yake. Saa ilikuwa inakimbia kuliko alivyopata kuiona. Alichukua simu, akampigia. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena, macho yake hayabanduki pale, na saa ikapunguza mbio, ikapunguza, ikasuasua kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, kisha ikajiweka sawa. Akalinganisha na simu. Akalinganisha na saa ya ukutani. Dakika kwa dakika, sekunde kwa sekunde, laptopu ilikuwa sahihi.

Alipiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. Mama yake alimkuta amesimama palepale, mtoto kiunoni. Alimwonyesha rafu tu kwa kidevu. Mama akaketi chini sakafuni.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipomsikia mlangoni. Walizijua nyayo zake miaka yote kwa namna zilivyoruka vidaraja. Leo zilipanda kimoja, zikasimama. Zikapanda cha pili, zikasimama. Harufu iliingia kabla yake, nzito na ya zamani, kama nguo iliyofunuliwa kashani.

"Mbona hampokei mizigo?" alisema, akitabasamu. Alikuwa mzima, nguo safi, mfuko wa mikate mkononi. "Simu niliisahau kwenye gari la watu. Njooni, mbona mnanitazama hivyo?"

Mtoto alimrukia, maana mtoto anajua baba tu. Chapuchapu akampokea, akamlaza kifuani. Msichana aliweka sikio upande wa kushoto. Akainua kichwa, akamtazama usoni. Akaweka tena, akasogea kidogo, akasogea upande wa kulia, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo asubuhi. Kisha akaanza kulia na kumnyooshea mama yake mikono yote miwili.

Mama yake alimchukua. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu, na kwa sauti aliyoitafuta mbali, kwa sababu lazima mtu aseme kitu, akamwuliza kama atakula sasa au anawahi kurudi kazini.

Mumewe alivuta kiti, akaketi, akaweka mikono mezani.

"Hapana," alisema taratibu. "Sina haraka."